Siku hiyo nani atafungua? Maneno yangu ya Jumamosi kuhusu milango ya gari

Wengi mmeniandikia kwamba kazi na baridi iliwazuia kufika Jumamosi pale Industrial Area, Nairobi, mkaomba niweke yote niliyosema. Nimeandika venye niliongea, ila pale watu walinikatiza na maswali nimeunganisha.

Wazee wangu, akina mama, madere, makanga, mafundi wenzangu wa Kirinyaga Road na Grogan, na nyinyi vijana mmetoka Kariobangi asubuhi na mapema, mko salama? Asanteni kwa kukaa kwenye hivi viti vya plastiki na baridi yote hii.

Mimi ni fundi wa bodi, miaka 22 sasa, na kwa hiyo bodi kitu nimeshika kuliko vingine vyote ni mlango. Nianze na swali. Gari uliyokuja nayo leo, mlango wake ulikuingiza vizuri, sawa. Je, umewahi kuufikiria kama kitu cha kukutoa? Juu kuingia unaingia ukiwa umetulia, gari imesimama, funguo mkononi. Lakini kutoka, kuna siku utataka kutoka gari imelala ubavu, ni giza, kuna moshi ama maji, mtoto analia, na anayekuja kukutoa ni mtu hajawahi kuona gari kama hiyo maishani, ni jamaa wa nduthi ama mama wa mboga alikuwa tu kando ya barabara. Kwa hivyo mlango wowote ukiletwa kwangu, uwe wa kupanda juu, uwe wa kuteleza, uwe wa kufungukia nyuma, uwe ule wa kubonyeza na kidole, mimi nauliza swali moja. Siku hiyo nani atafungua?

Niwaambie kitu nilifanya mwenyewe. Mwaka wa 2014 kijana mmoja aliniletea Subaru, safi kabisa, na boksi ya hinji za kubadilisha milango ipande juu kama ya Lamborghini. Nikamfungia. Mafundi mnajua hiyo kazi: unatoa hinji za kiwanda, unakata kidogo ndani ya fenda, unarefusha waya za kioo na spika, alafu mlango mzima unashikiliwa na shoki moja ya gesi. Ilipendeza, watu walisimama barabarani kuangalia. Miezi saba baadaye ile shoki ilikuwa imechoka, dada yake akawa anatoa mizigo kwa siti, mlango ukashuka wenyewe ukamvunja vidole viwili. Hakuna mtu alinilaumu. Kijana mwenyewe alisema ni shoki mbaya. Lakini nati nilikaza mimi, na sikuwa nimejiuliza hata mara moja, hii shoki ikiisha gesi mlango utashikwa na nini? Tangu siku hiyo sijafunga nyingine, na wale mnaniletea hizo boksi mkisema nimekuwa mgumu, hiyo ndiyo sababu.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi mlango wa kupanda juu ni upuzi. Sikilizeni venye ulianza. Kulikuwa na Mwitaliano aliitwa Marcello Gandini, aliuchora kwanza kwa gari ya maonyesho ya Alfa Romeo, Carabo, mwaka wa 1968, alafu akauweka kwa Lamborghini Countach iliyoonyeshwa Geneva 1971. Countach ni pana sana na nyuma huoni kitu. Dereva akitaka kurudi nyuma alikuwa anainua mlango, anakaa kwenye kizingiti, anatoa kichwa nje anaangalia. Unaona? Ule mlango ulikuwa na kazi. Nenda kwa Mercedes 300SL ya 1954, ile milango yake ikifunguka ni kama ndege amekunjua mabawa. Hiyo nayo haikuwa urembo peke yake. Fremu yake ilikuwa ya mabomba yaliyounganishwa kama ukambaa wa kikapu, na ili ikae imara mabomba yalipita juu sana ubavuni, kizingiti kikawa kirefu mpaka mlango wa kawaida haungetosha. Ikabidi mlango upande mpaka ukate ndani ya paa. Yaani gari ndio ilidai huo mlango.

Na bado swali langu lilibaki pale pale. Gari ya mlango wa bawa ikipinduka ikalala chali, mlango utainuka kwenda wapi? Chini ya udongo? Mercedes walipotengeneza SLS mwaka wa 2010, na hiyo pia ina mabawa, walijibu swali. Kwenye hinji waliweka boliti zenye baruti. Gari ikipinduka zinalipuka, mlango unaachana na bodi, unasukumwa unatoka. Hebu fikiria, mtu ameweka baruti kwa mlango juu alikaa chini akajiuliza, siku hiyo nani atafungua?

Hata ile gari ndogo ya Isetta, wazee wengine hapa labda mmeiona kwa picha, ile kama yai. Mlango wake ni mmoja, uko mbele, usukani unaenda nao ukifungua. BMW waliiuza tangu 1955, zaidi ya laki moja na nusu. Sasa ukigonga lori kwa nyuma, mlango wako uko wapi? Uko kwa lori. Ndio maana paa lake lilikuwa la kitambaa linalokunjwa, unatoka na juu. Gari ya bei ya chini kabisa, na bado walikuachia njia ya pili. Boksi ya hinji unayonunua mtandaoni inakuachia njia gani ya pili?

Haya, tuje kwa magari yetu, juu Lamborghini mtaani kwetu ni moja moja. Nani hapa ana Isis? Inueni mkono. Raum je? Sienta, Noah, Voxy? Mnaona, nusu ya watu. Kwa hivyo milango isiyo ya kawaida tuko nayo, ni vile tumeizoea. Na nitasema wazi, mlango wa kuteleza naupenda. Kwa parking za mjini zile za kubanana, unafungua bila kugonga jirani, mama anatoa mtoto na shopping bila kujikunja. Na Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, ndio maana Toyota Porte ule mlango wake mkubwa wa kuteleza uko kushoto, abiria anashukia kando ya barabara. Linganisha na Mini Clubman ya 2007, iliwekwa kamlango ka ziada upande wa kulia tu. Kwa nchi za kuendesha kulia, sawa. Kwa Uingereza yenyewe ilikotengenezwa, na hapa kwetu, mtoto anashukia katikati ya magari. Mlango ni ule ule, ukivuka mpaka unakuwa hatari.

Lakini Isis na Raum ile ya kuanzia 2003, hapa nataka mafundi mnisikilize sana, wengine vumilieni. Fungua mlango wa kushoto wa mbele, alafu teleza wa nyuma. Unaona nini katikati? Hakuna nguzo, ile chuma imesimama kati ya mlango wa mbele na wa nyuma kwa gari zingine. Ubavu wote uko wazi kama duka. Wenye gari wanafurahi, kitanda kinaingia, friji inaingia, mzee wa kiti cha magurudumu anaingia bila shida. Sasa nguzo ilienda wapi? Haikuenda popote, iko ndani ya milango. Ule mlango wa mbele na ule wa nyuma vikifungwa ndivyo vinakuwa nguzo, kuna chuma kizito ndani, na kuna vitasa vinauma juu kwenye paa na chini kwenye kizingiti. Hata mkanda wa siti ya mbele kushoto hautoki ukutani kama kwa gari zingine, uko kwa siti yenyewe, juu hakuna ukuta wa kuushikilia.

Ni mwaka juzi nililetewa Isis moja rangi ya fedha, mwenye gari analalamika upepo unalia akifika kasi ya Thika Road. Alikuwa amegongwa ubavu wa kushoto, akafanyiwa kazi mahali, mlango wa kuteleza ukatolewa kwa gari ya kukatwa. Kazi ya rangi ilikuwa nzuri, nitasema ukweli, ungepita hapo usingejua. Nikafungua. Kitasa cha juu kilikuwa hakishiki kabisa, kilipita sentimita moja nje ya pini, na cha chini kilikuwa kimekatwa na grainda ili mlango ukubali kufungika. Mnanielewa? Yule baba alikuwa anabeba watoto watatu kwa gari ambayo upande mmoja haina nguzo. Ilikuwa inafungika, taa ya mlango kwenye dashibodi ilikuwa imezimika, kila kitu kilisema niko sawa. Nilimwonyesha na tochi, akanyamaza, akauliza tu, wamekuwa wakikaa hapo miezi mingapi?

Fundi mwenzangu, mlango wa Isis si bati ya kuziba upepo. Ukiuweka, angalia pini ya juu inaingia wapi, paka rangi ya chaki ama grisi kidogo kwa pini, funga, fungua, uone alama iko katikati. Ni dakika kumi. Dakika kumi! Na wewe mwenye gari, kama ilishagongwa kushoto kabla uinunue, itisha mtu akuangalilie hapo kabla ya kuangalia injini.

Milango ya kufungukia nyuma nitapita haraka, hapa kwetu ni michache. Fiat 500 za zamani, za kabla ya 1965, hinji ziko nyuma, mlango ukifunguka ukienda unakamatwa na upepo unavutwa wote, na enzi hizo hakukuwa na mikanda, mtu akijaribu kuufunga anaenda nao. Ndio kwa Kiingereza ukaitwa mlango wa kujiua. Siku hizi Rolls-Royce wanao na umefungwa na umeme gari ikitembea, na Mazda RX-8 ule mdogo wa nyuma haufunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Hiyo imezuia upepo. Lakini aliye nyuma anamtegemea aliye mbele, na wa mbele akiwa amezirai? Mnaona swali langu limerudi tena.

Sasa jamaa za nduthi, nimewaona pale nyuma, hii ni yenu. Jioni moja nilikuwa nimechukua taksi, tuko kwa jam ya Ngong Road, imesimama kabisa, nikaona heri nitembee. Nikafungua mlango wa nyuma kushoto bila kuangalia. Kulikuwa na nafasi ndogo kati yetu na ukingo, na kijana wa boda alikuwa anapita hapo. Akaingia kwa mlango. Alivunjika mkono, abiria wake akaanguka kwa mtaro. Nilimlipia hospitali, nikaenda kumwona kwao Kawangware mara tatu, na kila mara mke wake alinipa chai na sikujua niweke uso wapi. Watu wanasema boda walikuwa wanapita vibaya. Inaweza kuwa. Lakini mlango ulikuwa mkononi mwangu mimi.

Waholanzi wana njia yao, na Waingereza waliiweka kwa kitabu chao cha sheria za barabara Januari 2022. Ukikaa upande wa kulia, fungua na mkono wa kushoto. Ukikaa kushoto, fungua na wa kulia. Jaribuni hapo mlipo kaa, nyoosha mkono wa mbali. Umeona mwili umegeuka wenyewe? Macho yameenda nyuma bila kuambiwa. Nimefundisha watoto wangu, nimefundisha mpaka shosho yao, na wewe ukienda nyumbani fundisha. Na msidhani mlango wa kuteleza unawaokoa hapo. Unazuia kugonga boda na bati, ndio, lakini mlango wa kawaida ukianza kufunguka boda anauona unatoka, huu wa kuteleza hauonyeshi kitu, mtoto anatokea tu kama ametoka ukutani. Kwa Sienta mtoto asishuke mpaka mkubwa ashuke kwanza.

Makanga, nanyi. Matatu ya watu 14 ina mlango mmoja wa abiria, kushoto. Waziri Michuki alituletea mikanda na vidhibiti mwendo 2004 na tunamshukuru mpaka leo. Lakini ile Hiace ikilala na ubavu wa kushoto mlango uko wapi? Uko chini, gari imeukalia. Imebaki ule wa nyuma, na mimi nimefungua mingi ambayo kwa ndani haina kitasa, ama imezibwa na boksi ya spika. Ukifika kwa stage kesho, ingia nyuma, jifungie, jaribu kutoka. Kama huwezi wewe na unaijua hiyo gari, nani atafungua?

Nimeacha hii mwisho juu ndio inaniumiza. Mnakumbuka mvua ya Aprili 2024, mnakumbuka venye barabara zilikuwa mito. Mteja wangu mmoja, mama wa makamo, alikwama kwa mteremko usiku, akidhani ni dimbwi. Alinihadithia akileta gari ikaushwe. Alisema, fundi, nilivuta hendo ikafanya kazi kabisa, nikasikia tk, lakini mlango ulikataa. Nilidhani kuna mtu ameushika nje.

Hakuna mtu alikuwa ameushika. Ni maji. Chukua mlango wa upana wa mita moja, maji yamepanda nusu mita tu kutoka chini ya mlango, na ndani bado ni kukavu. Uzito unaoegemea ule mlango ni kama kilo 125. Yakifika mita moja haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne, inakaribia kilo 500. Huyo ni ng'ombe amelala kwa mlango wako. Kwa hivyo ukiona maji yanapanda usingoje, toa mkanda, shusha kioo sasa hivi, umeme ukiwa bado upo, toka na dirisha. Yule mama alingoja, akiogopa kiti kitalowa. Umeme ukaisha, vioo vikakwama. Vijana wawili wa boda ndio walikuja na spana ya magurudumu, wakagonga kioo cha mbele mara nyingi bila kitu, juu kioo cha mbele kina karatasi ya plastiki katikati, kinapasuka lakini hakitoki. Mmoja akazunguka akagonga cha ubavu kwa kona, kikamwagika chote. Hiyo kona ndio ya kukumbuka. Na kama umebandika ile tint nzito, jua kwamba inashikilia vipande pia, ugonge na usukume.

Sasa mnisikilize. Mlango wa huyo mama ulikuwa wa kawaida, hendo ya kuvuta. Tunaenda kwa magari ya umeme, na taksi zingine mjini tayari ni za umeme, hendo imezama kwa bodi haionekani, ndani ni swichi ya kubonyeza. Betri ndogo ya kuendesha swichi ikifa, swichi imekufa. Septemba 2025 wakaguzi wa usalama wa barabara Marekani, NHTSA, walifungua uchunguzi kwa Tesla Model Y za 2021 baada ya wazazi kusema wameshuka, wakafunga, wakashindwa kufungua tena na mtoto yuko ndani. Wengine walivunja kioo cha gari yao wenyewe. Model X, ile ya milango ya bawa, milango ya nyuma ikikosa umeme kuna njia ya mkono, ndio, iko. Unatoa kifuniko cha spika ya mlango, unatafuta kebo ndani, unaivuta chini na mbele, alafu unainua mlango na nguvu. Nimesoma hiyo mara mbili nikifikiri nimekosea. Kwa moshi? Mtoto wa miaka saba atoe kifuniko cha spika? Wachina wameona hivyo hivyo, wameandika kanuni kwamba kuanzia 2027 modeli mpya za magari lazima zifunguke kwa mkono, ndani na nje, bila kutegemea umeme. Nami nasema sisi tunaoletewa gari za mitumba tutabaki na zile za kabla ya kanuni kwa miaka mingi, kwa hivyo tuzijue.

Kwa hivyo ukipanda taksi kama hiyo, kabla hujatoa simu, uliza dere, hapa nyuma natokaje umeme ukizima? Asipojua, tafuteni pamoja. Dere wa hizo gari, abiria akikuuliza usikasirike, anataka kurudi kwake tu.

Nimeongea ya kutosha, chai inapoa. Ile Isis iko pale kwa mabati ni ya jirani yangu, ametukubalia, na kando yake kuna Hiace. Tutafanya hivi. Watu wawili wawili, mnakaa siti ya nyuma, mnafungwa macho na hizi leso, mimi nafunga milango na natoa terminali ya betri. Alafu mnatoka. Mafundi mkae nje, mtakuwa wale wapita njia, msiguse mpaka niseme. Mama, wewe uko mbele hapo, anza wewe na huyo mtoto wako.